Mambo ya Kuzingatia Kabla Jalidi ya Kwanza Haijafika Bustanini

Jalidi ya kwanza ya majira ya kupukutika kwa majani, yaani baridi ya usiku inayogandisha maji juu ya mimea, huja usiku mmoja tu, lakini maandalizi ya kuipokea ni ya majuma kadhaa. Mwenye bustani anayeanza kuhangaika jua likizama, mashuka mikononi, huwa amekwisha kuchelewa kuamua jambo kubwa kuliko yote, nalo ni zao lipi livunwe, lipi lifunikwe na lipi liachwe lilivyo. Uamuzi huo ndio msingi wa maandalizi mengine yote, kwa kuwa mashuka, maji na nguvu za mtu mmoja havitoshi kuokoa kila mche, na anayejaribu kuokoa kila kitu kwa wakati mmoja mara nyingi hupoteza hata kile ambacho kingeokoka kwa urahisi.

Ni vyema kwanza kuelewa jinsi jalidi, ambayo wengine huiita sakitu, inavyotokea. Usiku ambao anga ni safi na upepo umetulia, udongo na majani hupoteza joto kuelekea angani bila kizuizi, kwa kuwa hakuna mawingu ya kulirudisha, wala hakuna upepo wa kuichanganya hewa baridi ya chini na ile yenye joto iliyo juu yake. Majani hupoa kuliko hewa inayoyazunguka. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa kwenye kimo cha mtu kinaweza kuonyesha nyuzi 2 au 3 za sentigredi huku majani yaliyo karibu na ardhi yakiwa yameshafika sifuri. Kwa sababu hiyo, mimi hushauri tahadhari ianze mara utabiri wa hali ya hewa unapotaja nyuzi 4 za usiku, bila kungoja sifuri itajwe. Hewa kavu nayo ni dalili ya kuangaliwa: penye unyevu wa kutosha, mvuke unapogeuka kuwa umande hutoa joto kidogo linalopunguza kasi ya kupoa, lakini hewa ikiwa kavu halijoto hushuka haraka tangu jioni.

Tarehe ya wastani ya jalidi ya kwanza, ambayo hutolewa kwa maeneo mengi, isichukuliwe kuwa ahadi. Kwa kawaida tarehe hiyo humaanisha kwamba katika karibu nusu ya miaka jalidi ilifika mapema zaidi. Zaidi ya hayo, bustani moja inaweza kuwa na tabia tofauti na ya jirani yake, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na huteremka kama maji, ikajikusanya mabondeni na nyuma ya ua au ukuta uliokatiza mteremko. Kabla ya msimu kufika, inafaa kuweka kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku, kikae kwenye kimo cha mimea katika tuta lililo chini kuliko yote, na vipimo vyake viandikwe kwenye daftari kila asubuhi. Daftari la misimu miwili au mitatu litamweleza mwenye bustani mengi kuliko ramani yoyote, na litamwonyesha tuta ambalo nyanya hazipaswi kupandwa tena.

Mimea yenyewe haistahimili baridi kwa kiwango kimoja. Nyanya, pilipili, biringanya, bamia, matango, maboga, maharagwe, viazi vitamu na mrehani huungua hata kwa jalidi nyepesi, ile isiyoshuka chini ya nyuzi 2 hasi. Saladi, bitiruti na koliflawa hustahimili jalidi nyepesi lakini huumia baridi inapozidi. Sukuma wiki, kabeji, spinachi, liki na vitunguu saumu vina uwezo mkubwa zaidi. Orodha hii iandikwe mapema ikilinganishwa na kilichopo bustanini, kisha kila tuta lipewe uamuzi wake.

Nyanya ndizo zinazohitaji fikira nyingi zaidi, kwa sababu huwa bado zimebeba matunda mabichi wakati baridi inapokaribia. Ua la nyanya huhitaji takriban siku 40 hadi 60 kufikia kuwa tunda lililoiva, na muda huo hurefuka siku zinapopoa. Kwa hiyo, kiasi cha mwezi mmoja kabla ya tarehe inayotarajiwa, ncha za matawi zikatwe na maua mapya yaondolewe, ili nguvu ya mmea iende kwenye matunda yaliyokwisha kufikia ukubwa wake. Hatua hii huwaumiza wengi moyoni, maana mmea unaonekana bado una afya na ahadi nyingi, lakini ua lililochanua wakati huo halina muda wa kuzaa chochote. Jalidi inapotangazwa, matunda yote yaliyokomaa yachumwe, hata kama ni ya kijani. Tunda la kijani lililokomaa hung'aa, na chini yake rangi huanza kufifia na kuelekea weupe. Mwenye shaka na akate moja, akiona mbegu zimezungukwa na utelezi na zinakwepa kisu, ajue yaliyofanana nalo yataiva ndani ya nyumba. Yawekwe kwa safu moja, yasigusane, mahali penye nyuzi 18 hadi 21, nayo yataanza kuiva katika muda wa wiki mbili hivi. Penye baridi kidogo zaidi yatachukua muda mrefu, jambo ambalo ni faida kwa anayetaka yasiive yote kwa pamoja. Hayahitaji kuanikwa juani, kwa maana kinachoyaivisha ni joto na gesi ya ethilini ambayo matunda yenyewe huitoa, ndiyo sababu ndizi mbivu moja ikiwekwa kati yake huharakisha kazi. Jokofu lisitumike, kwa kuwa chini ya nyuzi 10 uivaji huharibika na ladha hupotea. Tunda lenye ufa au doa la ugonjwa litengwe siku hiyohiyo.

Maboga yanayokusudiwa kuhifadhiwa kwa miezi hayapaswi kuguswa na jalidi hata kidogo, kwa sababu ganda likishaumia uozo hupata mlango. Boga lililokomaa hujulikana pale ukucha unaposhindwa kutoboa ganda lake. Likatwe kwa kisu pamoja na kikonyo cha sentimita 5 au zaidi, na lisibebwe kwa kushikwa kikonyo hicho, maana kikikatika uhai wake ghalani hufupika. Viazi vitamu navyo vichimbwe kabla udongo haujapoa, kwa kuwa huumia kwa baridi chini ya nyuzi 13 bila hata kuganda, na kiazi kilichoumia hivyo kinaweza kubaki na kiini kigumu hata baada ya kupikwa. Ikitokea jalidi ikaunguza majani kabla ya kuchimba, mashina yakatwe mara moja na viazi vitolewe bila kuchelewa. Viazi mviringo vina nafasi kubwa zaidi: majani yake hufa, lakini viazi vilivyofunikwa vizuri na udongo hubaki salama kwa jalidi za mwanzo, na majuma mawili ya kukaa ardhini baada ya majani kufa hukaza ngozi yake.

Mrehani uvunwe wote; majani yake huharibika hata kabla ya kufikia jalidi.

Kwa upande wa pili kuna mazao ambayo haraka ya kuyavuna ni hasara. Sukuma wiki, kabeji na karoti hukusanya sukari zaidi zinapopoa, na sukari hiyo hushusha halijoto ambayo maji ya ndani ya mmea huganda. Baridi hiyo inayoua nyanya huziongezea hizi utamu, na mwenye bustani anayezing'oa kwa hofu hujinyima mavuno bora kabisa ya mwaka wake. Ziachwe zilipo, na siku zote zivunwe baada ya barafu kuyeyuka kwenye majani.

Yanayobaki ni mazao ya kufunikwa, yaani pilipili zilizobeba vizuri, saladi, na pengine mche mmoja au miwili ya nyanya iliyo mifupi. Inafaa kuyafunika kwa sababu mara nyingi baada ya usiku wa kwanza wa jalidi hufuata siku nyingi za joto, na mmea uliovushwa usiku mmoja au miwili huendelea kuzaa. Lakini ufunikaji una kanuni zake. Kifuniko hakitengenezi joto. Hulizuia lile linalopanda kutoka udongoni. Hivyo kinapaswa kufika hadi chini pande zote na kukandamizwa kwa mawe au mbao. Nimeona mara nyingi shuka limevishwa juu ya mmea na kufungwa kwa kamba kwenye shina, na hilo huufungia mmea nje ya joto la ardhi, yaani kinyume kabisa cha kinachokusudiwa. Kifuniko kiwekwe mchana ukielekea jioni, udongo ukiwa bado na joto la jua, na kiondolewe asubuhi halijoto ikishapanda, ili mimea isipikwe na jua.

Kitambaa chepesi kilichotengenezwa kwa ajili ya kufunikia mazao ni bora, nacho kwa kutegemea uzito wake huongeza kiasi cha nyuzi 1 hadi 4. Mashuka na mablanketi ya zamani hufaa pia, mradi yawe makavu, kwa kuwa kitambaa kilicholowa ni kizito na huganda juu ya majani. Plastiki hupitisha joto kwa urahisi, na jani linaloigusa huungua. Ikiwa hakuna kingine, isimamishwe juu ya fito au waya zilizopindwa kama matao ili isiguse mmea popote. Matao hayo yasimikwe mapema, kwa maana kuyasimika gizani huvunja matawi mengi. Ni lazima pia kukubali kwamba baridi inayoletwa na upepo mkali, au usiku unaoshuka chini ya nyuzi 4 hasi, hushinda vifuniko vya kawaida. Usiku wa namna hiyo ukitabiriwa, kuvuna ni bora kuliko kufunika.

Udongo wenyewe ni akiba ya joto, na udongo wenye unyevu huhifadhi na kutoa joto zaidi kuliko mkavu. Kwa hiyo matuta ya mazao yatakayofunikwa yamwagiliwe asubuhi au mchana wa siku ile, maji yaelekezwe kwenye udongo na yasibaki majanini. Madumu au chupa za maji zilizokaa juani mchana kutwa zikiwekwa chini ya kifuniko hutoa joto lake polepole usiku. Kuhusu matandazo, yaani nyasi au majani makavu yanayotandazwa juu ya udongo, wengi hukosea wakidhani kwamba yakiwa mazito mmea utakuwa salama. Matandazo huzuia joto la mchana lisiingie udongoni na la usiku lisitoke, hivyo usiku wa jalidi yasogezwe kando na mimea inayofunikwa. Wakati wake wa kufaa ni baadaye, juu ya karoti na vitunguu saumu, pale lengo linapokuwa kulinda mizizi dhidi ya udongo kuganda.

Mimea iliyo kwenye vyungu hupoa haraka hata mizizini, kwa hiyo iingizwe ndani au isogezwe kwenye ukuta uliopigwa na jua mchana. Mipira ya kumwagilia na mabomba ya matone yamwagwe maji yote, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua mabomba na viungo vyake.

Asubuhi yake, subira ndiyo inayotakiwa. Majani yaliyoganda yasiguswe wala kupogolewa, maana huvunjika, na sura ya asubuhi hudanganya: jani lililolegea linaweza kusimama tena kufikia mchana, na lile lililoungua huonyesha kwanza rangi ya kiza kama lililolowa maji kabla ya kuwa jeusi. Ukaguzi ufanywe alasiri. Mimea iliyokufa ikatwe siku chache baadaye, yenye ugonjwa iondolewe kabisa bustanini badala ya kuingizwa kwenye mboji, na maharagwe yakatwe usawa wa ardhi ili mizizi yake yenye vinundu ioze palepale na kuuachia udongo naitrojeni iliyomo.