Miti ya bustani Mwanza ikigeuka njano: namna ya kuilisha kupitia majani

Mti wa bustani ukianza kutoa majani ya njano, wengi hukimbilia kumwaga mbolea shinani. Mara nyingi haisaidii. Penye pavingi na vifusi vya ujenzi, saruji hupandisha pH (kipimo cha asidi) ya udongo na chuma kilichomo hufungwa. Kipo, ila mizizi haiwezi kukinyonya. Jani nalo linaweza kupokea kirutubisho moja kwa moja, kupitia ngozi yake ya nta na vitundu vya kupumulia, ambavyo kwa miti mingi vimejaa upande wa chini. Njia hii inafaa kwa miti michanga, isiyozidi mita tatu au nne. Kwa mwarobaini mkubwa bomba la kupulizia la mgongoni halifiki juu, usijisumbue.

1. Soma jani kwanza

Angalia njano imeanzia wapi. Ikianzia majani ya zamani na kulifunika jani zima, ni upungufu wa naitrojeni. Ikiwa ni ya zamani lakini njano imekaa kati ya mishipa, shuku magnesiamu. Ikianzia majani mapya ya nchani, mishipa ikabaki kijani mfano wa wavu, ni chuma. Majani madogo yaliyosongamana nchani huelekeza kwenye zinki. Mkungu hugeuza majani kuwa mekundu kabla ya kuyapukutisha, na mwembe huchipua majani mekundu. Hayo si magonjwa.

2. Jaribu kwa matawi machache

Hatua hii ndiyo inayookoa pesa, na ndiyo inayorukwa zaidi. Andaa mabakuli manne, kila moja lita moja ya maji na matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. La kwanza tia gramu 5 za salfeti ya chuma, la pili gramu 15 za salfeti ya magnesiamu, la tatu gramu 3 za salfeti ya zinki. La nne liache na sabuni tu, liwe la kulinganishia. Chovya kijitawi kimoja katika kila bakuli, kwa sekunde chache, kisha kifunge uzi wa rangi yake.

Rudi baada ya siku 7 hadi 10. Jani lililopata lilichokikosa huanza na vidoadoa vya kijani, hasa pale matone yalipotua, kisha vinaungana. Usipoona tofauti kwenye tawi lolote, na si naitrojeni, acha kupulizia ukague mizizi: maji yaliyotuama, udongo ulioshindiliwa au shina lililochunwa.

3. Changanya

Kwa bomba la lita 16, kulingana na kirutubisho kinachokosekana:
- chuma: gramu 80 za salfeti, pamoja na gramu 16 za asidi ya sitriki
- magnesiamu: gramu 240 za salfeti
- zinki: gramu 48 za salfeti
- naitrojeni: gramu 80 za urea

Tumia mizani, usikadirie kwa kijiko. Asidi itangulie majini kabla ya chuma, kwa sababu ndiyo inayokizuia kupata kutu. Mchanganyiko ukigeuka kahawia umeharibika, hivyo changanya unachomaliza siku hiyo hiyo. Maji ya ziwa yenye ukijani wa mwani yaepuke: mwani huziba nozeli, na mchana hupandisha pH ya maji. Sabuni ya unga nayo usiitumie. Usichanganye salfeti hizi na mbolea yoyote yenye fosfeti. Zitagandana chini ya bomba.

4. Pulizia

Anza saa 12 asubuhi, umalize kabla ya saa 3. Baadaye jua hukali na upepo wa ziwani huanza kuingia. Tone hukauka haraka, chumvi hubaki juu ya jani bila kuingia, na ukungu wa dawa huwafikia wapita njia. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, osha vumbi kwa maji siku moja kabla. Elekeza nozeli kutoka chini kwenda juu. Jani likishang'aa, simama. Ukiendelea hadi lidondoke, matone hukusanyika nchani na kuunguza ncha, na watu husema dawa ni kali kumbe mkono ndio uliozidi.

Vaa glavu na miwani. Ukitumia chuma, tandika turubai juu ya pavingi, maana doa lake la kutu halitoki kwa kufagia. Mabaki usimwage mtaroni. Mitaro yetu inaishia ziwani, na urea ni chakula cha magugu maji.

5. Rudia, kisha rekebisha udongo

Pulizia mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Mvua ikinyesha ndani ya saa chache, hesabu kazi hiyo kuwa haijafanyika. Chuma hakihami kutoka jani moja kwenda jingine, kwa hiyo majani yatakayochipua baadaye yatakuja tena na njano iwapo udongo haujaguswa. Kupulizia ni huduma ya kwanza tu.

Ng'oa pavingi ubakize duara la wazi, walau nusu mita kila upande wa shina. Toa vifusi na mabaki ya lipu, tandaza samadi iliyooza debe moja au mawili, kisha funika kwa majani makavu bila kuyagusisha shina. Majivu ya jikoni yasiwekwe hapo kabisa. Hupandisha pH kama saruji. Wakati mzuri wa kazi hii ni Oktoba, mvua za vuli zinapoanza.