Jinsi ya Kuwa Mkufunzi wa Mbwa Anayezingatia Maadili
Katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kujiita mkufunzi wa mbwa bila leseni, kwa hiyo jukumu la kujielimisha ni lako mwenyewe. Anza na misingi ya ujifunzaji iliyowekwa na Pavlov na Skinner, wanasayansi waliochunguza jinsi wanyama wanavyojifunza, kisha ujitolee katika kituo cha kutunzia mbwa waliotelekezwa.

Huko jifunze kutazama kabla ya kushika. Mbwa anayejilamba midomo ilhali hakuna chakula, akageuza kichwa na kukaza mwili, anaomba aachwe; ukimwadhibu kwa sababu amenguruma, hofu yake hubaki na onyo pekee ndilo hutoweka, na siku moja atang'ata bila kunguruma. Tendo jema nalo lizawadiwe papo hapo, ndani ya sekunde 1 au 2. Mwaka 2021 AVSAB, jumuiya ya Marekani ya madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama, ilipendekeza mafunzo ya zawadi pekee, msimamo ninaouunga mkono kwa dhati.

Baadaye fanya kazi chini ya mkufunzi mzoefu, tafuta cheti, na mbwa aliyebadilika tabia ghafla mwelekeze kwanza kwa daktari, kwani huenda anaumwa.