Baraza la kijiji Uingereza: ugonge mlango upi, na lini

Kijijini Uingereza (hapa ni England yenyewe), karibu na kituo cha basi au ukumbi wa kijiji, utakuta ubao wenye kioo uliofungwa kwa ufunguo, na juu yake maneno Parish Council, yaani baraza la parokia. Wageni wengi huupita miaka nenda rudi wakidhani ni matangazo ya misa. Sivyo. Sheria ya mwaka 1894 iliondoa shughuli za kiraia mikononi mwa vikao vya kanisa ikazikabidhi kwa madiwani wa kuchaguliwa. Jina la parokia tu ndilo lililobaki. Hili ndilo baraza la kijiji, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa nchini humo. Yapo takriban 10,000, ingawa vijiji vidogo sana havina baraza, vina mkutano wa wakazi tu.

Mtanzania akisikia habari hizi humfikiria mtendaji wa kijiji, na Mkenya humfikiria chifu. Hapa hayupo mtu wa namna hiyo. Madiwani ni watano au zaidi, kwa kawaida hawalipwi mshahara, na mwenyekiti wao hana mamlaka ya kuamua jambo peke yake. Anayeshika mafaili ni karani, mwajiriwa wa baraza, mara nyingi wa saa chache kwa wiki na anayefanyia kazi nyumbani kwake. Usitarajie ofisi ya kwenda kupanga foleni wala mhuri. Barua ya utambulisho wa makazi haitolewi huko; benki ikitaka uthibitisho wa anwani, peleka bili ya Council Tax, kodi ya makazi inayolipwa kwa halmashauri. Msaada mmoja wa karatasi unaowezekana ni huu: diwani aliyekufahamu kwa miaka 2 au zaidi, ambaye si ndugu wala mwenza wako na ana pasipoti ya Uingereza au Ireland, anaweza kukuthibitisha kwenye ombi la pasipoti ya Uingereza.

Kinachowachosha watu zaidi ni kupeleka shida mlango usio wake. Pipa la taka halikuzolewa? Hiyo ni halmashauri ya wilaya. Shimo barabarani, nafasi ya shule, huduma za wazee: kaunti. Kuna sehemu wilaya na kaunti zimeunganishwa kuwa halmashauri moja, na jina lake liko juu ya bili yako ya Council Tax. Baraza la kijiji hushughulika na uwanja wa watoto, makaburi, ukumbi, mabenchi, vibanda vya kusubiria basi, nyasi za uwanjani na mashamba madogo ya kukodi. Mengi ya hayo sheria inaliruhusu kuyafanya, haililazimishi. Ndiyo maana kijiji cha jirani kinaweza kuwa na uwanja mzuri na chenu kikawa na bembea moja iliyopinda.

Kwenye vibali vya ujenzi pia baraza hutoa maoni tu. Anayeamua ni halmashauri ya juu. Jirani akiomba kuongeza ghorofa, andika moja kwa moja kwa idara ya mipango ndani ya siku 21 za maoni, kisha mpe karani nakala. Taja mwanga utakaozibwa, dirisha litakalochungulia chumbani kwako, magari yatakayokosa pa kuegeshwa. Ukilalamika kwamba nyumba yako itashuka bei, hoja hiyo haihesabiwi.

Kuingia kwenye ajenda

Baraza haliwezi kisheria kuamua jambo ambalo halikuandikwa kwenye ajenda. Ukisimama kikaoni na kuomba kibanda cha basi, watakusikiliza kwa adabu, watakushukuru, na hakuna kitakachofanyika usiku huo. Wengi hutoka wakiamini wamedharauliwa, kumbe ni sheria.

Ajenda hubandikwa siku 3 kamili kabla ya kikao. Siku ya kubandika haihesabiwi, wala siku ya kikao, Jumapili au sikukuu za kitaifa. Kikao cha Jumanne jioni, basi, ajenda yake lazima iwe ubaoni kufikia Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Barua pepe ya Jumapili usiku imechelewa. Mwandikie karani siku 10 kabla au zaidi, kwa sentensi moja iliyo wazi: "Naomba baraza lijadili kuweka kibanda kwenye kituo cha basi mbele ya shule." Ambatisha picha, na ukiweza, majina ya wakazi wengine wanaokiunga mkono. Siku yenyewe mabaraza mengi hutenga muda mfupi wa wananchi, kwa kawaida dakika 3 kwa kila mtu. Muda huo ukiisha unakaa kusikiliza, huruhusiwi kujibizana na madiwani. Huku anayenyoosha mkono kila baada ya dakika mbili huonekana msumbufu hata kama hoja yake ni ya kweli.

Kitu cha gharama kina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza 1 Aprili, na kiwango ambacho baraza litakusanya kupitia Council Tax hupangwa kati ya vuli na Januari. Ombi la Machi litajibiwa "tutaona mwakani". Leta la kwako Septemba au Oktoba. Vikundi, kama timu ya mpira au chama cha kina mama, vinaweza kuomba ruzuku ndogo, mradi vionyeshe faida kwa wakazi wa hapo hapo. Kuchangia msiba nyumbani Mbeya au Kakamega hakumo.

Kila mwaka hesabu hufunguliwa kwa siku 30 za kazi, na siku 10 za kwanza za kazi za Julai huwa lazima ziwe ndani yake. Omba kuona risiti. Ni haki yako kama mkazi mpiga kura. Mwenendo mbaya wa diwani hupelekwa kwa afisa msimamizi wa maadili wa halmashauri ya juu. Usipoteze wiki kumwandikia msuluhishi wa kitaifa wa malalamiko ya serikali za mitaa, kwa sababu mabaraza ya vijiji hayamo katika mamlaka yake.

Shamba la mboga

Kwa watu wetu hii ndiyo huduma tamu kuliko zote. Kiploti kizima ni mita za mraba 250 hivi, ingawa siku hizi wengi hupewa nusu, nayo inatosha sukuma wiki, maboga na mahindi ya kuchoma ya Agosti. Mchicha upande baada ya baridi ya mwisho kupita, usidanganywe na jua la Aprili. Jiandikishe kwa karani mapema, maana foleni huwa ndefu. Kama kijiji hakina mashamba, wakazi 6 waliojiandikisha kupiga kura au wanaolipa Council Tax wanaweza kuandika barua ya pamoja, na kwa sheria ya 1908 baraza lazima liizingatie. Sheria ya 1950 inaruhusu hata kufuga kuku na sungura kwenye kiploti, mradi si biashara na hawawi kero. Kuku maana yake majike. Jogoo hayumo.

Kura na kiti

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wenye ruhusa yoyote halali ya kukaa wanaweza kujiandikisha na kupiga kura, kwa sababu nchi zao ziko Jumuiya ya Madola. Mtanzania, kwa hiyo, hahitaji kuacha uraia wake. Raia wa Burundi na Kongo hawana nafasi hiyo mpaka wapate uraia wa Uingereza au wa nchi nyingine inayokubalika. Kituoni unaonyesha kitambulisho chenye picha: pasipoti ya nchi ya Madola inatosha, hata iliyokwisha muda, kama sura bado ni yako.

Kugombea kunahitaji zaidi: umri wa miaka 18, na kwa raia wa Madola, ukaazi wa kudumu. Wadhamini ni wawili tu, na hakuna ada. Kiti kikiwa wazi katikati ya muhula, tangazo hubandikwa kwenye ubao ule ule wenye kioo. Wapiga kura 10 wasipodai uchaguzi ndani ya siku 14 za kazi, madiwani huteua mtu wenyewe, na mara nyingi anayepewa ni yule mmoja aliyeandika barua.