Namna ya Kuandika Historia ya Brigedi Moja ya Askari wa Miguu: Mfano wa Iron Brigade ya Marekani

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, au mwalimu wa sekondari pale Kizota, akitaka kuandika historia ya brigedi iliyopigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, hahitaji kutafuta nauli ya kwenda Pennsylvania. Kati ya 1880 na 1901 serikali ya Marekani ilichapisha taarifa na barua za majeshi ya pande zote mbili katika juzuu 128, ambazo leo zinasomeka bure kwenye intaneti. Kwa kuwa wingi huo unaweza kumzamisha msomaji, mwongozo huu unaonyesha pa kuanzia, kwa kutumia brigedi ya Kaskazini, yaani upande wa serikali ya Muungano, iliyojulikana kwa jina la Iron Brigade.

Kabla ya kusoma habari za pigano lolote, tengeneza jedwali la muundo wa brigedi kwa tarehe. Katika vita vile brigedi ilikuwa mkusanyiko wa rejimenti chache, na rejimenti ziliingia na kutoka. Iron Brigade ilianza na Rejimenti za 2, 6 na 7 za Wisconsin pamoja na ya 19 ya Indiana. Ya 24 ya Michigan ilijiunga Oktoba 1862. Kwa hiyo anayeandika kwamba vijana wa Michigan walipigana katika pigano la Antietam, Maryland, tarehe 17 Septemba 1862 chini ya brigedi hiyo atakuwa amekosea kwa wiki chache tu, lakini amekosea. Weka pia safu ya makamanda: John Gibbon aliiongoza kuanzia Mei 1862 hadi Novemba mwaka huo, na ilipofika pigano la Gettysburg, Pennsylvania, Julai 1863, ilikuwa chini ya Solomon Meredith.

Safu inayosahaulika zaidi ni ya namba. Pale Antietam brigedi hii iliitwa Brigedi ya Nne ya Divisheni ya Kwanza katika Kori ya Kwanza; divisheni ni muungano wa brigedi kadhaa, na kori ni muungano wa divisheni kadhaa. Pale Gettysburg ilikuwa Brigedi ya Kwanza ya divisheni hiyohiyo. Ukitafuta taarifa za Antietam kwa jina la Brigedi ya Kwanza utaangukia watu wa New York, ambao, kwa bahati mbaya kwa mtafiti, nao walijiita Iron Brigade. Fuata rejimenti, usifuate jina. Kuhusu asili ya jina lenyewe, visa vingi husimuliwa, na vingi viliandikwa miaka mingi baada ya vita. Vitaje kama masimulizi, kisha endelea.

Jedwali likikamilika, chukua siku moja ya mapigano na uichambue kwa saa, kwa sababu brigedi haikupigana daima ikiwa pamoja. Asubuhi ya tarehe 1 Julai 1863, brigedi ilipoingia msituni magharibi ya Gettysburg, Rejimenti ya 6 ya Wisconsin chini ya Rufus Dawes iliachwa akiba, kisha ikapelekwa kaskazini kusaidia brigedi nyingine. Huko ilivamia mkato wa reli ambayo haijakamilika, ikateka askari wengi wa Kusini kutoka Mississippi. Aliyesafiri kwa treni ya SGR kutoka Morogoro kuja Dodoma ameona vilima vilivyochimbwa kupitisha njia, na ataelewa mara moja kwa nini mkato ule ulikuwa ngome kwa aliyejificha pembeni na mtego kwa aliyezingirwa ndani. Chora ramani yako mwenyewe, hata kama mkono si mzuri. Maandishi pekee hayataonyesha kwamba rejimenti moja ilikuwa mbali na wenzake.

Hesabu ya hasara inataka uangalifu wa pekee. Idadi inayotolewa kwa kawaida hujumlisha waliouawa, waliojeruhiwa, na waliotekwa au kupotea, kwa hiyo usiandike "walikufa" palipoandikwa jumla. Rejimenti ya 24 ya Michigan ilipoteza watu 363 kati ya 496 pale Gettysburg, sawa na asilimia 73. Idadi ya kwanza bila ya pili haimwambii msomaji lolote. Kumbuka vilevile kwamba taarifa za pigano kama hilo mara nyingi ziliandikwa na maofisa waliobaki, si waliokuwa wakiongoza asubuhi. Meredith mwenyewe alijeruhiwa siku ile.

Mwisho, amua hadithi yako inaishia wapi na uiandike tarehe hiyo kwenye kichwa cha kazi. Kori ya Kwanza ilivunjwa Machi 1864 na vikosi vyake vikahamishiwa Kori ya Tano. Oktoba mwaka huo Rejimenti ya 19 ya Indiana iliunganishwa na ya 20. Ya 24 ya Michigan iliondolewa uwanjani Februari 1865, na baadaye ikawa miongoni mwa walinzi wa mazishi ya Rais Lincoln pale Springfield, Illinois. Ukichagua kufuata kila rejimenti hadi mwisho wake, andaa sura moja kwa kila moja, kwa kuwa kufikia hapo hazina tena njia moja.