Kufuga mbwa Tabora: hatua saba, na ile ya kupe iliyonitoa jasho

Shemeji yangu alishuka na treni kutoka Dar akiwa amebeba boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Ndani yake kulikuwa na mtoto wa mbwa wa wiki saba, chotara wa German Shepherd, masikio bado yamelala. "Shem, wewe ndiye mzee wa mbwa. Nianzie wapi?" Nilimwelekeza kwa simu siku mbili. Siku ya tatu nikaona bora niandike, maana alinipigia hadi saa nane usiku kuuliza kwa nini mtoto analia. Mimi nina miaka 14 nafuga mbwa wa ulinzi hapa mjini. Si daktari wa mifugo, na palipo na kazi ya daktari nitasema.

Hatua ya 1: Chagua mbwa kwa kazi utakayompa

Watu huchagua kwa picha. German Shepherd ni mbwa wa Ujerumani, aliyekuzwa kuchunga kondoo kabla polisi na majeshi hayajamchukua. Ana akili na anafundishika, lakini ana manyoya ya tabaka mbili, na joto la Oktoba hapa kwetu linampiga. Dume lake hufika kilo 30 hadi 40, na tumbo la kulijaza si dogo. Rottweiler ni mzito zaidi na anahitaji mwenye mkono thabiti. Ukimnunua kisha ukamfungia kwenye kibanda mwaka mzima, umejitengenezea tatizo. Boerboel wa Afrika Kusini ni mbwa wa shamba kubwa, si wa ua wa futi hamsini. Ridgeback utamtambua kwa msitari wa manyoya mgongoni yaliyolala kinyume na mengine.

Ukiniuliza mimi, chukua jike la kienyeji. Manyoya mafupi, anakula kidogo, hazururi kama dume, na mgeni akifika getini saa tisa usiku utajua. Wanaomwita mbwa koko hawajawahi kumlea vizuri wakaona anavyokuwa.

Mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki nane. Huyu wa shemeji aliwahishwa wiki moja, ndiyo maana ya zile simu za usiku.

Hatua ya 2: Banda

Liwe kivulini, sakafu ya saruji iliyoinuka kidogo, mlango usielekee mvua inakotokea. Usitumie fito na nyasi, na usiliegemeze kwenye ukuta wa nyumba. Sababu utaikuta hatua ya 5.

Hatua ya 3: Chakula

Ugali wa dona na dagaa wa Kigoma, basi. Dagaa waloweke kwanza mchanga ushuke, kisha wachemshe bila chumvi. Mtoto ale mara nne kwa siku mpaka miezi mitatu, mkubwa mara mbili zinamtosha. Maji yawepo muda wote. Vitunguu hapana, iwe vibichi au vya kwenye mchuzi, kwa sababu vinaharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka kama vijiti na kuchoma utumbo.

Jambo moja watu hulidharau: mahindi na karanga zilizoota ukungu. Sokoni utaambiwa "hizi za mbwa" kwa bei ya chini. Kuvu lile hutoa sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaumiza haraka sana, inakula ini. Kupika hakuiondoi. Kama hungempa mwanao unga huo, usimpe mbwa.

Hatua ya 4: Minyoo na chanjo

Dawa ya minyoo kila baada ya wiki mbili mpaka afike wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita, baada ya hapo kila miezi mitatu. Chanjo ya parvo (ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu) na wenzake huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki 16. Kabla haijakamilika, usimpeleke kwa mbwa wa mtaani. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifika miezi mitatu, na irudiwe kila mwaka. Tega sikio kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja kipindi hicho. Chanjo zote hizi hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo anayekutolea kichupa mfukoni mwa koti, mwambie asante na urudi nyumbani na mbwa wako.

Mbwa akimng'ata mtu, hata kama ni wako na amechanjwa: osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kupe

Hapa kaa vizuri.

Nilikuwa na jike la miaka minne, jina lake Utajiju. Kila Jumamosi nilimwogesha kwa dawa, nikamtoa kupe masikioni na katikati ya vidole mpaka sikuona hata mmoja. Jumatano wapo tena. Miezi mitatu nikaenda hivyo. Nikalaumu dawa. Nikabadilisha duka. Nikaongeza kipimo, mbwa akashinda anapepesuka kama mlevi. Usiku mmoja umeme umekatika, nikatoka na tochi ya simu kumpelekea maji. Mwanga ukapita kwenye ukuta nyuma ya banda: kupe wanapanda matofali, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wenye safari. Nikachokonoa ufa kwa msumari. Akatoka jike amevimba, ukubwa wa kunde, rangi ya kijivu, na mbele yake lundo la mayai ya kahawia yanayong'aa, madogo kuliko ulezi. Jike mmoja anaweza kutaga maelfu.

Ndipo nikaelewa. Kupe wa mbwa anakula kwa mbwa, lakini kwake ni ukutani. Akianguliwa ana miguu sita. Anapanda juu ya mbwa, ananyonya, anashuka, anajibadili akiwa ufani, anapanda tena akiwa na miguu minane, anashuka, kisha anapanda mara ya tatu akiwa mkubwa. Kwa hiyo wale unaowaona kwenye mbwa ni wachache walioko mezani, familia imebaki nyumbani. Na akikosa mbwa, kupe mkubwa anavumilia njaa hata zaidi ya mwaka. Ndiyo maana kuhamisha mbwa wiki mbili hakusaidii. (Msimchanganye na papasi wa sakafu za udongo. Yule ni mwingine, na homa yake ni nyingine.)

Sasa fanya hivi, na mbwa na banda vishughulikiwe siku moja. Ukitibu kimoja leo na kingine wiki ijayo, umejichosha bure.

Asubuhi toa matandiko yote na magunia, choma. Chokonoa nyufa, mimina maji ya moto yanayotokota. Pakikauka, nyunyizia ukuta, sakafu, chini ya mabati na nguzo dawa ya jamii ya sipamethrini kwa kipimo cha kwenye lebo, mpaka kimo cha kichwa chako, kwa sababu kupe wanapanda juu. Mbwa asirudi mpaka pakauke kabisa, na kama una paka mweke mbali, dawa za jamii hiyo zinaua paka. Kisha ziba nyufa kwa saruji na upake chokaa. Mimi naamini saruji kuliko dawa yoyote. Tangu nilipopiga plasta sijarudi kwenye ile vita.

Mbwa mwenyewe, mwogeshe kwa amitrazi, dawa ya kuua kupe. Ile ya ng'ombe ya asilimia 12.5 changanya mililita 2 kwa lita moja ya maji, pima kwa sirinji, si kwa kifuniko. Vaa glavu. Ichanganye muda huo huo, ya jana imeshapoteza nguvu. Usimsuuze, mwache akauke kivulini na uhakikishe hajilambi. Asiyefika miezi minne usimguse kwa dawa hii, mtoe kupe kwa kibano tu: bana karibu na ngozi, vuta wima, tumbukiza kwenye chupa ya spiriti. Usimpasue kwa kucha, na usimchome kwa kiberiti. Mbwa akilegea na kusinzia baada ya kuogeshwa, mwoshe kwa sabuni na umpeleke kwa daktari.

Rudia vyote, mbwa na ukuta, kila wiki mbili kwa miezi mitatu. Najua utaacha ukiona kupe wamekwisha mwezi wa kwanza. Mayai bado yapo. Kama mfuko unaruhusu, kuna vidonge vya kutafuna vyenye fluralana, kimoja kinalinda wiki 8 hadi 12; nilishaviagiza kutoka Mwanza, vinafanya kazi, ila bei yake inauma, na mbwa mwenye kifafa daktari aulizwe kwanza.

Vya kutofanya. Oili chafu inaunguza ngozi, akijilamba inaingia tumboni. Mafuta ya taa vivyo hivyo. Dawa ya kunyunyizia tumbaku shambani iliyobaki stoo, na maji yaliyolowekwa majani ya tumbaku: vyote ni sumu, yale ya majani kwa nikotini yake, nilishaona mbwa akitetemeka mpaka akafa kwa dawa ya kienyeji ya namna hii. Sindano ya ivomeki (dawa ya minyoo na wadudu) ya ng'ombe usimchome mbwa mwenyewe, mililita moja ni ya ng'ombe wa kilo 50, na kuna mbwa wenye damu ya Collie, wale wa kuchunga kondoo, ambao inawapanda ubongoni.

Utajiju hakupona. Wakati nagundua ule ukuta alikuwa ameshaacha kula, fizi nyeupe kama karatasi, siku mbili baadaye damu ikaanza kumtoka puani. Ukiona homa, fizi kupauka, damu puani, au mkojo wa rangi ya chai kavu, usisubiri Jumatatu. Tiba ya ugonjwa ule wa damu puani, unaoletwa na kupe, ni antibiotiki iitwayo doksisaiklini kwa wiki nne mfululizo, wengi huacha siku ya tano mbwa akianza kula.

Na wewe unayeenda na mbwa porini, kule Sikonge au Urambo kurina asali: jicho likiweka ukungu wa bluu kama maziwa yaliyochujwa, mwambie daktari kwamba mmepita kwenye mbung'o. Usimwachie akisie.

Hatua ya 6: Mafunzo

Jina, "kaa", "acha". Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, kipande cha dagaa mkononi. Fimbo hapana.

Hatua ya 7: Majirani

Mtaa wangu una Waislamu wengi, na kwa madhehebu ya Shafii chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mchana mbwa yuko ndani ya ua, vyombo vyake haviguswi na chochote cha jikoni, na ndoo yake nimeipaka rangi nyekundu ili mtoto asikosee bombani. Shemeji alinunua ya bluu kama zile zingine. Juzi mpangaji wake ameichotea maji ya wudhu. Jana nimemkuta uani na kopo la rangi.