Namna ya kulinganisha mstari wa Agano la Kale na hati za kale za Kiyahudi

Chagua mstari mmoja tu. Anayeanza na kitabu kizima huchoka kabla hajaona kitu. Gawa karatasi yako safu tatu.

Safu ya kwanza ni ya matini ya Kimasoreti, ile ya Kiebrania ambayo tafsiri nyingi za Agano la Kale huifuata. Nakala yake kamili iliyo kongwe kuliko zote ni kodeksi (kitabu cha kale cha kurasa kilichoandikwa kwa mkono) ya Leningrad, iliyoandikwa Cairo karibu mwaka 1008 na sasa imehifadhiwa St. Petersburg. Kodeksi ya Aleppo, ya karibu mwaka 930, ni kongwe zaidi, lakini sehemu kubwa ya Torati yake imepotea. Usitafute Mwanzo humo. Safu ya pili ni ya magombo ya Qumran, yaliyopatikana kati ya 1947 na 1956 katika mapango 11 karibu na Bahari ya Chumvi. Haya yanaizidi kodeksi ya Leningrad umri kwa miaka elfu moja hivi, na hiyo ndiyo thamani yake. Safu ya tatu ni Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki iliyoanzwa na Wayahudi wa Misri katika karne ya 3 KK. Ukishughulika na vitabu vitano vya Musa, ongeza Torati ya Wasamaria.

Kabla ya kunakili chochote, jifunze kusoma jina la hati. Katika 4QSamᵃ, 4 ni namba ya pango, Q ni Qumran, Sam ni Samweli, na herufi ndogo ya mwisho hutenganisha nakala za kitabu kilekile. Hati hiyohiyo huitwa pia 4Q51. Usiihesabu mara mbili. Kisha angalia mabano ya mraba. Maneno yaliyomo ndani yake hayapo kwenye ngozi: mhariri ameyakisia ili kujaza tundu. Kosa hili huwapata wengi, na ni zito, kwa sababu mara nyingi kisio hilo limetokana na matini ya Kimasoreti yenyewe. Ukilinukuu kama ushahidi, umeifanya matini ijishuhudie. Nakili yaliyo nje ya mabano tu.

Sasa fanya zoezi kwa Isaya 40:7–8. Picha za gombo kubwa la Isaya, 1QIsaᵃ, lenye urefu wa zaidi ya mita 7, zimewekwa mtandaoni na jumba la makumbusho la Israeli, Yerusalemu. Fungua safu ya 33 ya gombo hilo. Mnakili wa kwanza aliandika kwamba majani yakauka na ua lanyauka, kisha akaruka moja kwa moja hadi neno la Mungu wetu litakalosimama milele. Mkono mwingine ukaja baadaye, ukayaongeza maneno yaliyokosekana juu ya mstari na kushuka pembezoni, ukiweka nukta nne mahali pa jina la Mungu. Sababu ya kuruka inaonekana kwenye matini yenyewe: maneno ya majani na ua yanajirudia, na jicho la mnakili huweza kutoka kwenye tukio la kwanza likatua kwenye la pili.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Septuaginta nayo ina matini fupi. Je, mashahidi wawili wanashinda? La. Kuruka kwa namna hii kunaweza kumpata mtu Yudea na mwingine Misri bila wao kujuana. Inawezekana pia kwamba matini fupi ndiyo ya awali. Andika uwezekano wote wawili kwenye karatasi yako. Swali la kuuliza kila mara ni hili: usomaji upi unaeleza jinsi mwingine ulivyozaliwa?

Lijaribu swali hilo kwenye 1 Samweli 17:4. Matini ya Kimasoreti inampa Goliathi mikono sita na shubiri, karibu mita 2.9. 4QSamᵃ na kodeksi ya Vatikano, nakala ya kale ya Septuaginta, zinasema mikono minne na shubiri, karibu mita 2. Urefu wa shujaa wa kutisha ni rahisi kukua kuliko kupungua, kwa hiyo nne ina nguvu zaidi, ingawa si kwa uhakika kamili. Kumbukumbu la Torati 32:8 ni wazi zaidi: 4QDeutʲ ina “wana wa Mungu” mahali pa “wana wa Israeli” ya Kimasoreti. Ni rahisi kueleza kwa nini mnakili angeogopa “wana wa Mungu”, maneno yanayoweza kudokeza miungu mingine, na vigumu kueleza kwa nini angeubuni.

Kwenye Yeremia, hakikisha namba kwanza. Unabii juu ya mataifa, ambao kwa Kiebrania uko sura 46–51, katika Kigiriki umewekwa baada ya 25:13, na kwa mpangilio tofauti. Bila kulijua hilo utalinganisha mistari isiyohusiana. Zaburi nazo hupishana namba: ya 23 ni ya 22 kwa Kigiriki.

Mwisho, chunguza kipande kilitoka wapi. Mwaka 2020 jumba la makumbusho la Biblia la Washington lilitangaza kwamba vipande vyake vyote 16 vilivyodhaniwa kuwa vya Bahari ya Chumvi ni vya kughushi. Kipande kilichoibuka sokoni bila kumbukumbu ya mahali kilipopatikana kisiingie safu ya pili, hata kama maandishi yake yanaunga mkono usomaji unaoupenda.