Namna ya Kuandaa Mazungumzo ya Baraza Kuhusu Vita vya Siri vya Tibet

Anayetaka kuwaeleza wanabaraza wa Malindi jinsi Marekani ilivyowasaidia kwa siri wapiganaji wa Tibet waliopinga utawala wa China hana budi kuanza na ramani, kwa kuwa habari yote imefungamana na milima na mipaka. Ibandike ukutani mapema, kabla dele la kahawa halijaanza kuzunguka, kisha uweke alama mahali pane: Lhasa, mji mkuu wa Tibet, Kham, upande wa mashariki wa Tibet, kulikozuka uasi mwaka 1956, Dhaka, ambayo wakati huo ilikuwa Pakistan ya Mashariki, na Mustang, kaskazini mwa Nepal.

Watangulize Watibeti, si majasusi. Wasimuliaji wengi huanza na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa sababu utamu wa kisa uko huko, na msikilizaji huondoka akidhani kwamba uasi ulitungwa Washington. Wakhampa, yaani watu wa Kham, walikuwa wamekwisha kushika silaha, wakipinga mageuzi ya ardhi na kunyang'anywa bunduki zao, na monasteri ya Lithang ilikuwa imekwisha kupigwa mabomu na ndege za China, kabla ya vijana sita wa kwanza kupitishwa Pakistan ya Mashariki mwaka 1957 kwenda kufunzwa katika kisiwa cha Saipan. Chushi Gangdruk, jeshi la kujitolea lililoongozwa na Andrug Gompo Tashi, liliundwa Juni 1958.

Muda mrefu zaidi upe jinsi siri ilivyofichwa. Bunduki za mwanzo zilizodondoshwa kwa miamvuli zilikuwa Lee-Enfield za Kiingereza, ambazo zilikuwa zimezagaa kote Bara Hindi, ili zikikamatwa zisimtaje aliyezileta. Mafunzo yalihamishiwa Camp Hale, Colorado, mwaka 1958, kiasi cha mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo sisi watu wa pwani tungehema kwa kupanda ngazi tu. Ndege za kuwadondoshea silaha ziliendelea kuruka hadi Mei 1960, ndege ya ujasusi aina ya U-2 ilipotunguliwa katika anga ya Muungano wa Kisovieti na Rais Eisenhower akasimamisha safari za siri katika anga za nchi nyingine. Mwaka huohuo wapiganaji wakaanza kukusanyika Mustang.

Hapo atatokea mtu wa kuingiza twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415. Mkatize kwa adabu, maana twiga huyo akishaingia barazani hatoki.

Ukifika kwenye fedha, chagua waraka mmoja tu na uusome kwa sauti huku ukifasiri. Unaofaa ni ule wa Januari 1964, ambao serikali ya Marekani yenyewe iliuchapisha mwaka 1998. Unataja dola 1,735,000 kwa mwaka mmoja, na ndani yake dola 500,000 za wapiganaji 2,100 waliokuwa Nepal na dola 180,000 za ruzuku ya Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti. Waachie wasikilizaji wagawanye wenyewe: kila mpiganaji aliangukiwa na kama dola 238 kwa mwaka. Kwa maoni yangu hesabu hiyo inaeleza nia ya mfadhili kuliko hotuba yoyote, kwani fedha hizo zilitosha kuisumbua China na kupata habari zake, kama nyaraka za kijeshi zaidi ya kurasa 1,600 zilizotekwa katika shambulio la mwaka 1961, lakini hazikutosha kuikomboa Tibet.

Mwisho wake uueleze kwa ufupi: msaada ulikatwa, Nixon akazuru Beijing Februari 1972, na mwaka 1974 jeshi la Nepal likawapokonya silaha wapiganaji wa Mustang, ambao wengi wao walikubali baada ya kusikilizishwa ujumbe wa Dalai Lama uliorekodiwa kwenye kanda.

Swali litakalofuata ni kama Dalai Lama alizila fedha hizo. Jibu kwa yaliyoandikwa pekee: mwaka 1998 utawala wake ulikiri kwamba harakati zilipokea hadi dola milioni 1.7 kwa mwaka katika miaka ya 1960, ukakana kwamba yeye binafsi alinufaika na ile ruzuku.